Kizunguzungu Kisichojulikana Chanzo: Namna ya Kufikia Kipimo cha Ubongo Jijini Dar es Salaam

Mtu anayepatwa na kizunguzungu mara kwa mara bila kujua chanzo chake huanza mapema kuhofia kwamba kuna jambo baya kichwani, na ndugu zake humhimiza akapige picha ya ubongo ili wote wapate utulivu. Jijini Dar es Salaam jambo hilo linawezekana, kwa kuwa mashine za CT-Scan na MRI zinapatikana Muhimbili na katika baadhi ya hospitali za binafsi. Hata hivyo, mashine hizi hazikagui mwili wote wa mtu. Huonyesha sehemu iliyoelekezwa, kwa namna iliyoombwa, na daktari anayezisoma picha huanzia kwenye kile ambacho fomu ya daktari aliyeagiza kipimo imemwambia akitafute. Fomu ikiandikwa "kizunguzungu" pekee, majibu nayo yatakuwa mepesi kiasi hicho. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kazi inayofanyika kabla ya mgonjwa kulala kwenye mashine, kwa sababu ninaamini hapo ndipo wengi hupoteza fedha na, baya zaidi, muda.

Dalili zisizosubiri miadi

Kizunguzungu kikija ghafla pamoja na mdomo kupinda, mkono au mguu wa upande mmoja kukosa nguvu, ulimi kuwa mzito, kuona vitu viwili viwili, kushindwa kabisa kusimama au kutembea, maumivu makali ya kichwa yanayolipuka kwa mara moja, mwili kukakamaa na kutetemeka, maumivu ya kifua au kuzimia, mgonjwa apelekwe moja kwa moja kwenye idara ya magonjwa ya dharura. Hospitali ya Taifa Muhimbili ina idara ya namna hiyo tangu mwaka 2010, na hospitali za rufaa za Amana, Mwananyamala na Temeke ziko karibu zaidi na wakazi wengi wa jiji. Pale inapopatikana, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye mishipa ya ubongo hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na haitolewi mpaka picha ionyeshe kwamba hakuna damu iliyovuja. Ndiyo maana anayemsindikiza mgonjwa anapaswa kukumbuka saa ya mwisho aliyomwona akiwa mzima, maana ni swali atakaloulizwa mlangoni. Mgonjwa asipewe aspirini wala kidonge cha presha cha jirani, na asinyweshwe uji wala maji ya sukari, kwani kiharusi huweza kuharibu uwezo wa kumeza na akapaliwa. Asipakiwe bodaboda.

Wapo pia wazee walioanguka bafuni, na vijana walioanguka na pikipiki, wakanyanyuka wenyewe na kuendelea na shughuli zao. Damu inayovuja polepole kati ya fuvu na ubongo inaweza kuchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta kizunguzungu, usingizi mwingi au kuchanganyikiwa, na hatari ni kubwa zaidi kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Anguko la mwezi uliopita litajwe hata kama jeraha lilishapona.

Maelezo ya mgonjwa

Kama dalili hizo hazipo, kuna nafasi ya kwenda kwa utaratibu, na hatua ya kwanza ni kuandika. Madaktari huongozwa zaidi na muda wa kila tukio na kinacholiamsha kuliko namna mgonjwa anavyoieleza hali yenyewe. Kizunguzungu cha chini ya dakika moja kinachokuja mtu anapogeuka kitandani au kuinua uso kutazama juu ya kabati huelekeza kwenye sikio la ndani. Kile kinachokuja mtu anaposimama kutoka kitini au mkekani huelekeza kwenye shinikizo la damu. Kinachodumu saa kadhaa kikiambatana na sikio kuvuma na kusikia kwa shida kina njia yake, na kisichokatika kwa siku nzima huku mtu akiyumba kina njia nyingine. Katika daftari au kwenye simu, andika tarehe, saa, ulichokuwa ukifanya, ulikula saa ngapi, kilidumu muda gani, na kama ulitapika, uliumwa kichwa au ulibadilika kusikia. Sentensi moja kama "Daktari, nikilalia ubavu wa kulia chumba chote kinazunguka kwa muda mfupi, kisha kinatulia nisipojigeuza" inamsaidia tabibu kuliko maelezo marefu ya hofu.

Beba dawa zako zote kwenye mfuko, pamoja na za mitishamba. Dawa za presha, za kupunguza maji mwilini, za kisukari, za kifafa na za maumivu makali zinaweza kuleta kizunguzungu, hasa zikiongezwa dozi hivi karibuni. Ninasisitiza pia sindano za antibiotiki za gentamaisini na streptomaisini, kwa sababu dawa hizi huweza kuharibu sikio la ndani, na mgonjwa aliyechomwa sindano miezi kadhaa nyuma mara nyingi haoni sababu ya kuzitaja. Joto la Dar es Salaam la Desemba hadi Februari, kazi za juani bila maji ya kutosha, na saumu ya Ramadhani kwa anayetumia dawa za presha, yote ni mambo ambayo daktari anapaswa kuyasikia.

Uchunguzi wa awali katika zahanati au hospitali ya wilaya

Uchunguzi huu ni wa gharama ndogo, na kwa maoni yangu hakuna mtu anayepaswa kulipia MRI kabla ya kuupata, isipokuwa katika dharura. Presha ipimwe mgonjwa akiwa amelala, kisha ipimwe tena dakika 1 na dakika 3 baada ya kusimama. Ikiwa namba ya juu imeshuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, chanzo kinaweza kuwa kimeshapatikana. Presha iliyopimwa mara moja tu ukiwa umekaa haioni jambo hili, kwa hiyo omba kwa heshima ipimwe kwa namna zote mbili. Sukari, wingi wa damu, kipimo cha malaria pale penye homa, na kipimo cha ujauzito kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa huongezwa, pamoja na kipimo cha umeme wa moyo kwa yeyote anayezimia au kuhisi moyo ukienda mbio. Moyo ukionekana ndio wenye tatizo, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ipo katika eneo hilo hilo la Muhimbili, na picha ya ubongo inaweza kusubiri.

Kisha kuna sikio. Ndani kabisa ya sikio kuna vijiwe vidogo vya chokaa vinavyosaidia mwili kutambua mkao wake, na vijiwe hivyo vikitoka mahali pake na kuingia katika mifereji ya usawa, kila mgeuko wa kichwa huleta mzunguko mkali. Hiki ni miongoni mwa vyanzo vya kawaida kabisa vya kizunguzungu, hasa kwa watu waliovuka miaka 50, na hakionekani kwenye CT-Scan wala MRI. Hugunduliwa kitandani kwa kipimo kinachoitwa Dix-Hallpike, kilichoelezwa mwaka 1952: daktari humlaza mgonjwa haraka akiwa amemgeuza kichwa upande mmoja, huku akitazama macho yake kama yanachezacheza. Tiba yake pia ni ya mikono. Mgonjwa hugeuzwa kwa hatua, kwa mtiririko unaoitwa wa Epley, mpaka vijiwe virudi vilikotoka, na wengi hupata nafuu baada ya mara moja au chache. Inaniuma kuona mtu amelipia picha ya ubongo, akapewa majibu safi na kurudi nyumbani na kizunguzungu kile kile, ilhali tiba yake ilihitaji kitanda na dakika chache za daktari wa masikio, pua na koo.

Jihadhari na vidonge vya kizunguzungu vinavyonunuliwa dukani na kumezwa kwa miezi. Vinafaa kwa siku chache za mateso makali, lakini vikiendelezwa huchelewesha ubongo kuuzoea usawa mpya, na baadhi yake huwaletea wazee mitetemo na ugumu wa viungo.

CT-Scan au MRI

Picha ya ubongo inastahili pale ambapo uchunguzi umeonyesha dalili za hitilafu katika ubongo au mishipa ya fahamu, pale kizunguzungu kinapoambatana na maumivu mapya ya kichwa yanayozidi, baada ya jeraha la kichwa, sikio moja linapopoteza usikivu, au chanzo kinapokosekana kwa mtu mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa moyo, ambaye yuko katika hatari ya kiharusi. Hapo swali la pili ni mashine ipi, na jibu halitokani na bei.

CT-Scan hutumia mionzi, humalizika kwa dakika chache, na ni hodari kuonyesha damu iliyovuja na mifupa iliyovunjika, kwa hiyo ndiyo ya dharura na ya majeraha. Mionzi ya CT-Scan moja ya kichwa ni takriban milisiveti 2, karibu na kiasi ambacho mtu hupokea kutoka katika mazingira ya kawaida kwa muda usiozidi mwaka, hivyo haipaswi kumtisha anayeihitaji wala kurudiwa ovyo. Udhaifu wake ni sehemu ya nyuma ya ubongo, ambako mifupa minene huiharibu picha, na sehemu hiyo ndiyo inayosimamia usawa wa mwili. Kiharusi cha huko kinachotokana na mshipa kuziba mara nyingi hakionekani kwenye CT-Scan ya siku ya kwanza. MRI hutumia sumaku badala ya mionzi, huchukua dakika 20 hadi 45 au zaidi, na huonyesha sehemu hiyo ya nyuma vizuri zaidi, ingawa nayo inaweza kukosa kiharusi kidogo katika saa 48 za mwanzo. Kwa hiyo daktari anayeshuku kiharusi kutokana na uchunguzi wake wa macho na mwendo ana haki ya kumbakiza mgonjwa wodini hata kama picha ni safi.

Hapa ndipo fomu inapokuwa na thamani. Anayeshukiwa kuwa na uvimbe kwenye mshipa wa fahamu wa usikivu anahitaji MRI inayolenga njia za sikio la ndani, mara nyingi pamoja na dawa ya kung'arisha picha, kwani MRI ya jumla inaweza kuupita uvimbe mdogo. Kabla ya kutoka chumba cha daktari, uliza: "Daktari, unatafuta nini hasa kwenye picha hii, na umekiandika kwenye fomu?"

Rufaa na malipo

Ngazi ya kawaida huanzia zahanati na kituo cha afya, hupita hospitali ya wilaya na ya rufaa ya mkoa, na kuishia Muhimbili, iwe Upanga au Mloganzila, au Taasisi ya Mifupa ya MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996 na inayoshughulikia pia upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu. Mwanachama wa NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, aende na kadi, kitambulisho na barua ya rufaa, na aulize dirisha la bima kama kipimo kinahitaji kibali kabla hajapangiwa siku. Anayelipa taslimu katika hospitali ya umma hupewa kumbukumbu namba ya malipo na hulipa kwa simu au benki. Asimkabidhi mtu fedha mkononi, na atunze risiti. Asiye na uwezo aende kwenye kitengo cha ustawi wa jamii cha hospitali husika kabla ya siku ya kipimo.

Siku ya kipimo

Nenda na mtu, kwa teksi au bajaji, na usikubali kusimama kwenye daladala. Kumeza dawa na kula kabla ya kipimo kufuate maelekezo uliyopewa. Kwa kawaida hutakiwa kufunga saa chache ikiwa utachomwa dawa ya kung'arisha picha au utalazwa usingizi. Dawa hiyo hutanguliwa na kipimo cha figo kwa wenye kisukari, presha au ugonjwa wa figo, na mzio wowote wa awali utajwe.

Kwa MRI, chuma ndicho hatari kuu. Betri ya moyo, klipu kwenye mishipa ya ubongo, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa na vipande vya risasi vinaweza kusababisha kifo au majeraha. Vyuma vingi vya kuunganishia mifupa havizuii kipimo, lakini lazima vitajwe pamoja na mwaka wa upasuaji. Mafundi wa kuchomelea na kukata vyuma, ambao wapo wengi katika eneo la Gerezani jijini, wamweleze mtaalamu kama waliwahi kurukiwa na chembe machoni, ili macho yapigwe eksirei kwanza. Hereni, pini za nywele, wigi lenye klipu, hirizi yenye bati, simu na kadi za benki vibaki nje. Mwanamke anayehisi ni mjamzito aseme, kwa mashine zote mbili. Ndani ya MRI kuna makelele makubwa na nafasi ni finyu. Utapewa vizibo vya masikio na kitufe cha kuita, na picha hutegemea kutulia kwako.

Majibu

Chukua ripoti iliyoandikwa na pia CD ya picha, kisha urudi kwa daktari aliyekuagiza, si kwa rafiki anayejua kusoma Kiingereza cha ripoti. Ripoti nyingi hutaja vitu ambavyo havina uhusiano na kizunguzungu, kama uvimbe wa kuta za matundu ya pua, madoa meupe madogo yanayokuja na umri na presha, au kifuko cha maji ambacho mtu amezaliwa nacho. Uliza kila kilichotajwa kinaelezaje dalili zako, na kama hakielezi, kinahitaji kufuatiliwa au la.

Picha ikiwa safi, uchunguzi haujafungwa. Rudi na daftari lako kwa daktari wa masikio au wa mishipa ya fahamu, kwani kipandauso kinaweza kuleta kizunguzungu hata kichwa kisipouma, na sikio lililodhoofika huhitaji mazoezi ya usawa chini ya mtaalamu wa fiziotherapia. Wakati huo wote usiendeshe gari wala bodaboda, usipande ngazi ndefu wala kuogelea peke yako, na dalili yoyote kati ya zile za dharura ikijitokeza, nenda hospitali siku hiyo hiyo ukiwa na CD ya awali, ili picha mpya ilinganishwe nayo.