Minyanya Inanyauka na Mchanga Umerowa

"Mwanangu, maji naipa asubuhi na jioni, na ikifika saa sita mchana yote imelala." Aliniambia hivyo mama mmoja mwenye bustani ya nyanya upande wa Matondoni, kisiwani Lamu, kaskazi ikiwa imeshika. Nikachomeka kidole penye shina: mchanga umerowa kabisa. Nikaonja maji ya ndoo iliyokuwa ukingoni mwa kisima, nikasikia munyu. Kisha akanieleza kwamba siku mbili nyuma alikuwa ametia konzi moja ya mbolea ya CAN kwa kila shina, ili ipate nguvu. Basi hapo minyanya ilikuwa imebanwa na chumvi mbili kwa pamoja, ya kisima na ya gunia.

Jambo hili kina mama wa pwani wanalijua jikoni kabla ya bwana shamba kufika. Ukikata embe bichi ukalinyunyizia chumvi ya achari, baada ya saa chache bakuli lina maji ambayo hukuyatia wewe. Samaki wa ng'onda hukauka kwa jua, lakini kazi ya kuvuta maji huanzwa na chumvi. Ukiloweka kunde kavu kwenye maji matamu, mambo hugeuka: maji huingia, punje hufura.

Mzizi nao umejengwa kwa seli, na kila seli imezungukwa na utando mwembamba mno. Utando huo hupitisha maji kwa urahisi, lakini chumvi na sukari huzizuia. Maji hutoka upande wenye vitu vichache vilivyoyeyuka na kwenda upande wenye vingi. Safari hiyo ndiyo wanasayansi huiita osmosisi. Kwa kawaida utomvu wa ndani ya mzizi ni mzito kuliko maji ya mchangani, kwa hiyo maji huingia. Ukiongeza chumvi nje, tofauti hupungua na mmea huanza kuhangaika. Chumvi ikizidi, maji hutoka mzizini. (Utando una vijilango maalumu vya maji, Peter Agre wa Marekani alishiriki Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2003 kwa kuvigundua. Vijilango hivyo havisukumi maji, huyafungulia njia tu.) Ndiyo maana kumwagilia maji yaleyale ya munyu mara tatu badala ya mbili hakuondoi tatizo.

Tuanze na kisima. Visiwani kwetu maji matamu huelea juu ya maji ya bahari yaliyo chini ya ardhi, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Hesabu ya kawaida ni kwamba kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hubebwa na takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Kwa hiyo ukivuta kwa pampu kubwa ukashusha uso wa maji kidogo tu, chumvi hupanda kwa kishindo. Nimeona watu wakiongeza kina cha kisima pale kinapoanza munyu, na huko ni kuifuata bahari ilipo. Chota kidogo, kipe kisima muda kijazike, kisha urudi.

Ulimi si kipimo cha kutegemea. Kipo kipimo kidogo cha mkono kinachosoma uchumvi wa maji kwa desisimenzi kwa mita, yaani jinsi maji yanavyopitisha umeme: chumvi ikizidi, namba hupanda. Kikundi cha wakulima kinaweza kuchanga kikanunua kimoja. Maharagwe huanza kupunguza mavuno maji yakipita 0.7, kitunguu 0.8, pilipili 1.0, nyanya 1.7. Kunde huvumilia hadi 3.3 hivi. Maji ya bahari ni kama 50. Kisima chako kikisoma 3, achana na maharagwe, panda kunde. Na kama nyumbani mna jabia, maji yake ya mvua yawekee kitalu, maana mche mchanga ndio unaoumia kwanza.

Mbolea nayo ni chumvi, hata ikiwa ya bei. Mchanga wetu hauna udongo wa mfinyanzi wa kuishikilia, hivyo yote huyeyuka palepale mzizini. Tia kizibo kimoja cha soda kwa shina, mbali na shina kama sentimita 10, ukiwa umeshamwagilia, halafu mwagilia tena. Rudia baada ya wiki mbili badala ya kutia yote siku moja. Samadi ya kuku mbichi ina chumvi pia, iache iive kwanza. Kwa yule mama, tulikwangua punje zilizokuwa bado zinaonekana, tukaosha mchanga kwa maji ya jabia kidogo kidogo.

Nyanya zikioza kitako zikawa nyeusi chini, usikimbilie dawa ya ukungu. Mara nyingi kalisiamu haikufika kwenye tunda, kwani husafiri na maji, na maji yakibanwa nayo hubaki nyuma.

Nitrati na potasiamu, ambavyo ni vyakula vya mmea, ni habari nyingine. Maji hupita bure, lakini hivi ni mizigo ya kubebwa na hamali, na hamali hulipwa. Utando hutumia nguvu kuviingiza, na nguvu hiyo hupatikana mzizi ukipumua. Shamba la udongo mzito likituama maji siku kadhaa, majani hugeuka manjano japo mbolea ipo chini, kwa sababu hamali hana pumzi. Chimba mtaro kwanza, mbolea baadaye.

Wenye mipira ya kumwagilia kwa matone wazingatie hili. Chumvi husukumwa ikakusanyika ukingoni mwa duara lililorowa. Utaiona nyeupe mchangani. Manyunyu ya kwanza ya masika huirudisha katikati, kwenye mizizi, na watu hushangaa mimea inaungua siku ya mvua. Usifunge bomba mvua inapoanza. Liache litone mpaka inyeshe ya kutosha kuizamisha chumvi hiyo chini ya mizizi.