Kabla ya kupima macho ya watoto wa Kiaborijini shuleni: mambo ya kuzingatia

Wapo wauguzi wa kutoka kwetu Afrika Mashariki wanaofanya kazi Australia, na baadhi yao hupangiwa vituo vya mbali huko Northern Territory au Western Australia, ambako kupima macho ya wanafunzi ni sehemu ya kazi. Upimaji wenyewe si mgumu: chati, futi ya kupimia, kitu cha kufunika jicho, fomu. Siku huharibiwa na yale yaliyotakiwa kufanywa wiki kadhaa kabla.

La kwanza, usianze na mwalimu mkuu peke yake. Jamii nyingi za Kiaborijini, yaani za wenyeji wa asili wa Australia, zina zahanati zinazoendeshwa na jamii yenyewe, mtindo ulioanzia Redfern, Sydney, mwaka 1971. Nenda hapo kwanza, ueleze unachotaka kufanya, kisha uwaachie wao wakupe tarehe. Omba pia kufanya kazi na mhudumu wa afya wa Kiaborijini wa eneo hilo, awe nawe chumbani tangu mwanzo hadi mwisho. Huyu si mtarishi wa kukuletea watoto wala mkalimani wa bure. Ni mwenzako, na akisema leo haifai, basi haifai. Kama lugha inahitaji mkalimani, Northern Territory ina huduma ya serikali ya wakalimani wa lugha za Kiaborijini, agiza mapema.

Suala la ridhaa linahitaji kujua historia. Tangu takriban 1910 hadi miaka ya 1970, serikali na misheni ziliwachukua watoto wa Kiaborijini kutoka kwa wazazi wao na kuwapeleka kwenye makao na kwa familia za Wazungu. Ripoti ya kitaifa ya 1997 iliyaweka hayo wazi, na tarehe 13 Februari 2008 waziri mkuu Kevin Rudd aliomba radhi bungeni. Bibi anayeliona gari la serikali limeegeshwa shuleni, na mtu mgeni ameshika orodha ya majina ya watoto, ana sababu ya kushtuka. Kwa hiyo fomu ya Kiingereza iliyotumbukizwa kwenye begi la mtoto haitoshi. Kaeni na familia, mseme mtamgusa mtoto wapi, hamtafanya nini, na majibu ataonyeshwa nani. Ulizia pia mlezi ni nani kisheria, maana mtoto anaweza kuwa analelewa na bibi au shangazi. Fomu isiyorudi usiihesabu kuwa ridhaa, wala usiichukulie kuwa mzazi hajali.

Kanuni ya usalama wa kitamaduni katika uuguzi ilijengwa na Irihapeti Ramsden, muuguzi wa Kimaori wa New Zealand, na kiini chake ni kwamba anayeamua kama huduma ilikuwa salama ni aliyeipokea. Tangu 2018 imo kwenye maadili ya kazi ya wauguzi wa Australia, kwa hiyo si hisani. Na hapa niseme jambo kwa wenzangu: usijidanganye kwamba ngozi nyeusi itakufungulia mlango. Mengine utayatambua haraka. Mtoto kuinamisha macho mbele ya mkubwa huweza kuwa heshima, na wazee huitwa shangazi na mjomba hata na wasio ndugu zao. Huko kutambua ndiko kunakolevya, ukadhani umeshaelewa yote. Katika jamii nyingi jina la marehemu halitajwi na picha yake haionyeshwi, hivyo kabla ya kuita majina kwa sauti, mpe mhudumu mwenyeji orodha aipitie. Pia wako ndugu ambao kwa mila hawapaswi kukabiliana wala kusemezana, kwa hiyo foleni isipangwe kwa rejista. Ukitokea msiba, shughuli husimama. Weka tarehe ya akiba tangu mwanzo. Na kwa kuwa mila za Wanoongar wa Perth si za Waarrernte wa Alice Springs, ukihama kituo, anza kuuliza upya.

Vifaa sasa. Chukua chati ambayo mtoto anaweza kuijibu bila kutamka neno: ya picha rahisi au ya herufi H, O, T na V, pamoja na kadi ya kushika mkononi ili aonyeshe kwa kidole kile anachokiona. Mtoto anayeona aibu, au anayesoma Kiingereza kama lugha ya tatu, atapimwa macho na si ufasaha. Soma kama chati ni ya mita 3 au 6, pima kwa futi, kisha bandika utepe sakafuni visigino vinapokaa. Usiitundike mbele ya dirisha lenye jua. Funika jicho kwa plasta maalumu, kwani kiganja kina nyufa na watoto huchungulia. Wanaosubiri wakae mahali wasipoiona chati: wataikariri, halafu watamcheka aliyekosea. Kila jicho lipimwe peke yake, kwa kuwa jicho vivu (linaloona hafifu kwa vile ubongo haulitumii ipasavyo) hujificha nyuma ya lile zima, na matibabu yake hufanya kazi vizuri zaidi kabla ya umri wa miaka saba au nane.

Usiende na dhana kwamba utakuta macho mabovu. Uchunguzi wa kitaifa wa macho wa 2008, ulioongozwa na daktari wa macho Hugh Taylor, ulionyesha watoto wa Kiaborijini wanaona vizuri kuliko watoto wengine wa Australia. Kwa watu wazima hali iligeuka: upofu ulikuwa mara sita zaidi, kwa mtoto wa jicho, kisukari, miwani isiyopatikana na vikope.

Vikope hivyo ni trakoma ileile ya Kongwa, Kajiado na Turkana. Daktari wa macho Fred Hollows na wenzake walizunguka Australia kuanzia 1976 wakakagua watu zaidi ya 100,000, na kwa miaka mingi nchi hiyo ilibaki kuwa nchi tajiri pekee yenye ugonjwa huu. Kuutafuta ni kugeuza kope la juu na kuhesabu vivimbe: vitano au zaidi, kila kimoja angalau nusu milimita, ni dalili kwamba ugonjwa uko hai. Mtoto ataogopa, kwa hiyo aelezwe na mtu anayemjua, na ridhaa ya kugeuza kope iombwe peke yake, isichanganywe na ya kusoma chati. Ukiona uso wenye makamasi, ambayo hueneza ugonjwa huu, neno “mchafu” lisitoke mdomoni mwako. Kagua kwanza mabomba ya shule: yanatoa maji? Sabuni ipo? Kioo kiko kwenye kimo cha mtoto? Mara nyingine anayehitajika kabla ya nesi ni fundi bomba.

Masikio pia. Maambukizi ya sikio la kati ni mengi mno kwa watoto wa vijiji vya mbali, hivyo asiyefuata maelekezo yako huenda hasikii. Keti mbele yake, sema taratibu, onyesha kwa mkono.

Mwisho, usipime kabla hujajua mtaalamu wa macho anayezunguka atafika lini. Kuliko kumwambia mzazi mwanawe haoni vizuri kisha ukatoweka, ni bora usingekwenda. Panga rufaa ipitie zahanati ya jamii, ambako mtoto ana haki ya kupimwa afya yote kila mwaka kupitia Medicare, bima ya afya ya serikali, na uulize mpango wa ruzuku ya miwani wa jimbo husika unaendaje. Mtoto achague fremu mwenyewe, asiyoipenda hataivaa. Majibu apewe mlezi faraghani, si getini. Na kwa vile miwani ya mtoto wa miaka sita huvunjika, ulizia leo nani atalipia ya pili, na kama shule inaweza kutunza jozi ya akiba.