Siku ya roketi lupangoni: namna ninavyowaandaa majirani kuingoja Artemis II

Tarehe 29 Agosti 2022 nilikodi viti 30 vya plastiki, nikaazima projekta, nikafunika madirisha ya sebule kwa mablanketi na kuita mtaa. Artemis I, roketi ya Wamarekani ya kwenda mwezini, ile isiyo na watu ndani, ilikuwa iruke saa 14:33 za hapa Lubumbashi, Kongo. Saa 14:33 ikafika, ikapita. Dakika chache baadaye ikatangazwa kwamba leo basi, injini moja haijapoa inavyotakiwa. Jirani yangu fundi magari aliinuka, akajikung'uta suruali, akaniuliza kwa sauti ya kusikiwa na wote: "Prof, ni kusema na kule kwabo umeme inakatikaka?"

Tarehe 3 Septemba nikaita tena. Safari hiyo haidrojeni ilivuja, na safari ikaahirishwa kabla hata sijamaliza kupanga viti. Ilipokuja kuruka, tarehe 16 Novemba saa 08:47, nilikuwa mbele ya darasa langu la fizikia. Tuliitazama kwenye simu moja, wanafunzi wamejibana juu ya meza yangu. Mtaani hakuna aliyeiona.

Naandika haya Februari 2026, tukiingoja ya pili, hii yenye watu ndani. Watu wameanza kuniuliza. Naandika hapa namna ninavyojipanga mara hii, kwa yeyote mwenye lupango (kiwanja cha nyumba), skrini na majirani wenye ulimi.

Hatua ya 1: Jua unachowaitia watu

Kama ukisema "njooni muone watu wakienda mwezini," umeshajiharibia. Mama mmoja wa hapa Kenya (naongelea komine yetu ya Kenya, wasomaji wa Nairobi mtusamehe) aliniuliza juzi: "Baende mpaka kule, na habashuke?" Ndivyo. Hawashuki. Wanauzunguka mwezi kwa nyuma na kurudi, safari ya siku 10 hivi. Nilianza kumweleza habari za majaribio nikajikanyaga. Fundi magari, yule yule, akanisaidia: gari ikitoka garaji, huipakii abiria wa Likasi siku hiyo hiyo, unazunguka nayo kwanza mtaani usikilize breki. Hata Apollo 8, safari ya Wamarekani ya mwaka 1968, ilifanya hivyo. Borman, Lovell na Anders waliuzunguka mwezi mara 10 bila kuugusa. Tangu Apollo 17 ilipoondoka kule Desemba 1972, mpaka naandika haya, hakuna mtu aliyerudi karibu na mwezi.

Majina uyajue kwa kichwa, maana watoto watakupima. Kiongozi ni Reid Wiseman. Rubani ni Victor Glover, na huyu ndiye watakayemuulizia kwanza, kwa sababu atakuwa mtu mweusi wa kwanza kufika huko. Christina Koch atakuwa mwanamke wa kwanza. Aliwahi kukaa angani siku 328 mfululizo. Jeremy Hansen ni wa Kanada na kabla ya safari hii hajawahi kwenda angani kabisa. Chombo chao, Orion, wamekipa jina Integrity.

Hatua ya 2: Rekebisha saa, na usiiamini saa ya mtu mwingine

Hapa ndipo wengi wanaanguka. Lubumbashi, kama Goma na Bukavu, iko saa mbili mbele ya saa ya dunia. Kinshasa iko nyuma yetu saa moja, kwa hiyo tangazo la redio linalotaja saa ya Kinshasa ongeza moja. Florida, inakotokea roketi, iko nyuma yetu saa 7. Lakini Jumapili tarehe 8 Machi Wamarekani wanasogeza saa zao mbele, na tofauti inabaki saa 6. Baada ya zoezi la kujaza matangi kukwama mwezi huu wa Februari, NASA (shirika la anga la Marekani) wanaongelea Machi, na tarehe zinazotajwa ziko pande zote mbili za Jumapili hiyo. Saa 20:00 ya Florida tarehe 7 ni saa 03:00 kwetu. Tarehe 9, saa ile ile ni saa 02:00. Ukikosea hapo utawaamsha watu waje kutazama moshi.

Saa zote naziandika kama simu inavyozionyesha. Ukizitaja kwa mdomo, mmoja atahesabu kuanzia jua linapochomoza na mwingine kuanzia usiku wa manane, na wote watakuwa na haki. Andika kwenye ubao.

Hatua ya 3: Betri, mega, na turubai

Usitegemee umeme wa ukutani. Chaji betri tangu mchana. Kama una grupu (jenereta), iwashe nusu saa kabla ili ujue inakohoa au haikohoi, na iweke mbali, kelele yake inameza maelezo yote. Intaneti: matangazo ya NASA ni ya bure YouTube, ila mega (data ya simu) ni zako. Kwa picha ya 480 simu yangu hula karibu mega 500 kwa saa. Ningekuwa wewe ningefungua saa moja tu kabla ya muda, nisichome mega kwa kutazama roketi iliyosimama. Machi bado ni mvua, kwa hiyo turubai juu ya projekta, hata kama anga ni safi.

Hatua ya 4: Mpira, limau na kamba

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda, na ndiyo inayookoa jioni roketi ikikataa. Naifanya siku mbili tatu kabla, mchana, na watoto wa mtaa.

Chukua mpira wa miguu wa kawaida, wenye upana wa sentimita 22. Hiyo ndiyo dunia. Mwezi ni limau la sentimita 6. Kabla ya kupima chochote, mpe mtoto limau umwambie asimame pale anapodhani mwezi upo. Wote, hata wakubwa, husimama karibu sana, hatua moja au mbili. Kisha toa kamba ya mita 6 na sentimita 60, shika ncha moja kwenye mpira, ncha nyingine mrudishe mtoto nyuma mpaka ikaze. Kwangu kamba inavuka kisima cha maji na kuishia kwenye ukuta wa choo. Kila mara kunakuwa kimya kidogo. Halafu waonyeshe kituo cha angani ambako watu wanaishi siku zote: kilomita 400 juu, ambazo kwa mpira huu ni milimita 7, unene wa kidole cha mtoto. Tangu 1972 mpaka naandika haya, hakuna binadamu aliyefika hata sentimita 3 kutoka kwenye mpira huu.

Sasa safari yenyewe. Punje ya mahindi ndiyo Orion (kwa kipimo cha haki haingeonekana, lakini mtoto lazima ashike kitu). Siku ya kwanza hawaendi mwezini. Wanazunguka dunia kwa duara refu linalofika kilomita 70,000 hivi, mita 1.2 kutoka kwenye mpira, wakijaribu hewa, maji, choo na kukiendesha chombo kwa mkono. Kitu kikiharibika hapo, nyumbani ni karibu. Kila kitu kikiwa sawa, injini ya Orion inawasukuma.

Mwambie mwenye punje aende kwenye limau, na mwenye limau atembee polepole kuzunguka mpira. Mara ya kwanza punje itafika mahali limau lilipokuwa. Mtoto mmoja wa kwangu, msichana wa miaka kama tisa, alifika, akasimama mbele ya ukuta mtupu na kusema: "Nimekosa!" Hapo ndipo fizikia inaingia bila kulazimishwa. Katika siku nne za kwenda, mwezi unasogea karibu kilomita 350,000. Kwenye lupango langu ni mita 6 nzima. Kwa hiyo unalenga mahali ambapo mwezi utakuwa, kama mchezaji wa Mazembe anavyopiga pasi mbele ya mwenzake anayekimbia. Mara ya pili yule msichana alikata kona na kulisubiri limau. Ndiyo maana pia kila mwezi kuna siku chache tu za kuruka. Mkizikosa, mnangoja mwezi urudi.

Wakifika, waambie wapite nyuma ya limau na kurudi bila kugeuza kitu. Mvuto wa mwezi unaikunja njia na wa dunia unawavuta nyumbani, hata injini ikifa. Nyuma ya limau, mwenye mpira hawaoni. Hapo mawasiliano yatakatika kwa dakika 40 hivi.

Hatua ya 5: Waambie saa itasimama

Karibu na mwisho, saa ya kuhesabu kurudi nyuma husimama kwenye dakika 10, kwa mpango, kwa nusu saa hivi. Mwaka 2022 saa ilisimama kwenye dakika 40. Sikuwa nimewaambia watu kwamba saa husimama, na wengine wakadhani intaneti imekatika. Mmoja alianza kutingisha router yangu. Mara hii naandika kwenye ubao: DAKIKA 10 ITASIMAMA. KAENI.

Ikianza tena, zoezi la Februari litakusaidia kueleza kwa nini hata dakika ya mwisho si ahadi. Tarehe 2 kuamkia 3 Februari walijaza matangi bila watu ndani, wakahesabu mpaka zikabaki dakika 5 na ushee, kisha wakasimamisha. Ilikuwa haidrojeni tena, ile ile ya 2022. Gesi hii ndiyo nyepesi kuliko zote, na inawekwa ikiwa kimiminika cha nyuzi 253 chini ya sifuri. Baridi ya namna hiyo inaubana mpira wa kuzibia, na haidrojeni haihitaji mwanya mkubwa. Fundi wangu alitikisa kichwa kwa huruma. Yeye anajua gaskiti.

Ikiruka kweli, usiongee. Useme mambo mawili tu: dakika ya pili, zile roketi mbili nyeupe za pembeni zinaachiwa, hazijavunjika, dakika ya nane, tangi kubwa la rangi ya machungwa linaachwa. Roketi nzima ina mita 98, na wa hapa watapenda kusikia kwamba shemine ya Gécamines (bomba la moshi la kampuni ya madini) bado inaipita kwa urefu.

Kuna faida moja ya usiku huo. Kama ni siku za kwanza za Machi, saa 03:00 mwezi wenyewe utakuwa karibu juu ya utosi. Watoe watu nje wauangalie, halafu warudi kwenye skrini. Ila waambie wazi: roketi haitaonekana kutoka hapa, na Orion ikifika mwezini haitaonekana kwa jicho wala kwa darubini ya kuazima.

Hatua ya 6: Tafuta mzee

Kabla ya siku, tafuta mzee wa Katanga anayekumbuka miaka ya 1977 na 1978, ilipoitwa Shaba. Kampuni ya Kijerumani, OTRAG, ilirusha roketi kutoka kwenye uwanda karibu na mto Luvua, kaskazini mwa mkoa wetu. Ya kwanza ilipaa Mei 1977. Ya tatu, Juni 1978, ilianguka mbele ya macho ya Mobutu mwenyewe. Mzee mmoja aliisimulia kwangu kwa dakika ishirini na hakuna aliyekumbuka kuuliza Florida inasemaje. Mpe kiti kizuri, karibu na chai.

Hatua ya 7: Swali la moto

Lazima mtu aulize kama watarudi salama. Usimdanganye. Orion inaingia hewani kwa kilomita 40,000 kwa saa hivi, na ngao ya chini inapaswa kuungua polepole ili wao wasiungue. Artemis I ilirudi salama, lakini ngao yake ilimeguka vipande mahali pasipotarajiwa. Walichunguza, wakakuta gesi ilikwama ndani ya ngao ikakosa pa kutokea. Ukiweka hindi bichi juu ya makaa unaona jambo lile lile: mvuke ukikosa njia, punje inapasuka. Mara hii ngao ni ya aina ile ile, walichobadilisha ni namna ya kuingia, ili joto lisikae vile. Mimi binafsi ningelala vizuri zaidi kama wangebadilisha ngao. Nawaambia watu hivyo, na wanaheshimu.

Hatua ya 8: Siku kumi zinazofuata

Usirudishe kamba. Ifunge ukutani, mpira huku, limau kule, na kila jioni mtoto mmoja asogeze punje. Mahali pa kuiweka utapata kwenye tovuti ya NASA inayofuatilia Orion, inayoitwa AROW. Inafunguka hata kwa mega chache. Siku ya kupita nyuma ya mwezi waite tena, kwa zile dakika 40 za kimya. Siku ya kurudi watatua majini, bahari ya Pasifiki, karibu na San Diego. Piga hesabu ya saa upya.

Na nunua malimau mawili. La kwanza, kwa joto la sebule yangu, halikufika siku ya sita.