Kisima kimeshachimbwa, sasa mfanyeje kisije kikafa

Watu wengi maji yakifika kijijini wanadhani kazi imeisha, utepe umekatwa, ngoma zimepigwa, mheshimiwa kapigwa picha anachota ndoo ya kwanza, basi. Jamani kazi ndo inaanza hapo. Ukizunguka mikoa kama Dodoma na Singida hukosi kukuta bomba la mkono limesimama halina mpini, watu wamefungia mbuzi pale, na akina mama wamerudi kule kule lamboni kuchota maji rangi ya chai ya maziwa huku wanagombania na ng'ombe. Na mara nyingi maji chini yapo! Kilichokosekana ni spea ya hela ya kawaida tu, ila hela haipo maana hakuna aliyeichangisha.

Kwa hiyo anzeni na hela, tena kabla hata bomba halijafungwa. Tangu 2019 maji ya vijijini Tanzania yako chini ya RUWASA, yaani wakala wa serikali wa maji vijijini, na kijijini kunakuwa na chombo cha watumia maji, wengi tunakiita jumuiya ya maji, ndicho kinachokusanya na kutunza. Muulizeni meneja wa RUWASA wa wilaya kama kijiji chenu kimeshaingizwa kwenye jumuiya ipi, msianzishe kamati yenu pembeni mkaja kugombana baadaye. Mweka hazina mchagueni kwenye mkutano wa hadhara, na mimi nashauri awe mama, wala si kwa sababu ya maneno ya semina, ni kwa sababu bomba likikata yeye ndo atatembea.

Bei ya ndoo mpige hesabu wenyewe mbele ya watu. Tuseme kitongoji kina kaya 80, kila kaya ndoo 5 kwa siku, ndoo shilingi 20, hapo ni shilingi 8,000 kwa siku, kwa mwezi karibu 240,000. Toa posho ya mlinzi wa bomba, toa fundi, inayobaki iende akaunti, isikae kwenye kopo nyumbani kwa mtu hata kama ni mtu mwaminifu kiasi gani. Wazee wasiojiweza waandikwe mapema wachote bure. Halafu kila mwezi bandikeni mapato na matumizi kwenye mlango wa ofisi ya kijiji, hii msiiruke, watu hawagomi kulipa kwa sababu ya shilingi 20, wanagoma wakihisi inaliwa. Atatokea mzee mmoja atasema maji ni ya Mungu tunalipiaje. Mwambieni kwa heshima, mzee wangu, maji ya Mungu ndo yale ya lamboni, haya yanapandishwa na mpira wa pistoni, kile kidude cha ndani ya bomba kinachovuta maji juu, na mpira huo unalika.

Sasa bomba lenyewe. Kama ni Afridev, lile la mkono ambalo limesambaa sana huku kwetu, lilitengenezwa makusudi watu wa kijijini waweze kulifungua wenyewe, pistoni unaivuta juu na vyuma vyake bila kung'oa bomba zima. Siku linapokabidhiwa, likiwa jipya, chukua ndoo ya lita 20 uhesabu mpini unapigwa mara ngapi mpaka ijae, andika kwenye daftari. Rudia kila mwezi. Namba ikianza kupanda ujue ule mpira umeanza kuisha, nunueni sasa msisubiri likate kiangazi. Kipimo kingine, piga mpaka maji yatoke, liache bila kuguswa nusu saa, kisha piga tena. Maji yakitoka baada ya mipigo miwili mitatu sawa, ikizidi mitano basi kuna mahali maji yanarudi chini, ama vali ya chini haifungi ama bomba linavuja kwenye maungio. Na mpini ukianza kucheza kushoto kulia ni bushi hizo, vile vipete ambavyo mpini unazungukia, badilisheni mapema maana zikiisha kabisa zinaharibu na vingine. Wafundisheni vijana wawili wa hapo hapo, mmoja akienda mjini kutafuta maisha anabaki mwingine.

Pembeni ya kisima wekeni uzio. Maji yanayomwagika yasituame, chimbeni mfereji uyapeleke kwenye mbauti ya mifugo kwa mbali kidogo au kwenye bustani ya mchicha, hapo hata mlinzi anapata cha kuuza. Choo kikae angalau mita 30 kutoka kisimani, na kisiwe upande wa juu wa mteremko.

Mtu akiuliza faida yote hii iko wapi, Sera ya Maji ya 2002 ilitaka mtu wa kijijini asitembee zaidi ya mita 400 kufuata maji, sasa fikiria binti ambaye alikuwa anaamka saa kumi usiku kwenda na dumu kichwani, akirudi wenzake wapo kipindi cha pili. Au zahanati ambako mjamzito anaambiwa aje na ndoo zake za maji. Hata trakoma, ule ugonjwa wa macho unaosumbua sehemu kavu, unaambukizwa kwa mikono, nguo na nzi, na kunawa uso mara kwa mara ni sehemu kubwa ya kuuzuia, ila nani atanawa uso wakati ndoo moja ndo ya siku nzima?

Ila maji yanaweza kutoka safi kisimani yakachafukia nyumbani. Dumu lenye mdomo mwembamba ni bora kuliko ndoo wazi ambayo kila mtoto anatumbukiza kikombe na vidole vyake. Kipindi cha kipindupindu wekeni dawa, vidonge vya WaterGuard vya ndoo ya lita 20 ni kimoja, subiri nusu saa, ila soma karatasi yake maana vinatofautiana ukubwa. Maji ya tope chuja kwanza.

Wa Arusha, Manyara na Singida nyie mna jambo la ziada, floridi, madini yanayoyeyuka kwenye maji ya chini ya ardhi. Pimisheni kisima maabara ya maji kabla hamjaanza kunywa, mwisho uwe miligramu 1.5 kwa lita, ikizidi sana meno ya watoto yanageuka kahawia na mifupa inapinda. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua na floridi inabaki ile ile, yaani unaikoleza. Kinachofanya kazi ni chujio la mkaa wa mifupa, kituo cha utafiti wa kuondoa floridi cha Ngurdoto huko Arusha wameifanyia kazi miaka mingi. Mkaa huo nao unachoka, kwa hiyo ulizeni unabadilishwa baada ya ndoo ngapi, na gharama yake muiingize kwenye bei ya ndoo toka mwanzo.