Hodi ya Saa Nane Usiku: Hatua za Kufuata Kabla Hujagusa Komeo

Mwongozo huu unahusu nyumba ya kawaida ya mjini Tanzania: kuta za tofali, mlango wa mbao wenye grili mbele yake, madirisha ya nondo, pengine na ukuta wenye geti. Waliopanga chumba na sebule wana sehemu yao huko chini.

Kanuni inayobeba hatua zote ni hii: mlango haufunguliwi kwa sababu ya maneno ya aliyeko nje. Unafunguliwa baada ya wewe kuhakikisha kwa njia ambayo yeye hawezi kuichezea, yaani simu unayopiga mwenyewe, kwa namba uliyokuwa nayo tangu mchana. Namba anayokutajia pale mlangoni haihesabiki, hata ikipokelewa na mtu mwenye sauti ya heshima.

Hatua ya 1: Kagua mlango mchana

Mlango wa mbao ukipigwa teke, mara nyingi mbao haivunjiki. Kinachong'oka ni kile kibati cha kwenye fremu kinachopokea ulimi wa kitasa, kwa sababu fundi alikifunga kwa skrubu fupi za inchi moja zilizoshika ubao mwembamba tu. Zitoe, weka skrubu za inchi 3 zinazopenya fremu na kushika ukuta kwa plagi za plastiki. Fanya hivyohivyo kwa bawaba, angalau skrubu mbili kwa kila bawaba. Mlango wa flashi, ule ulio mwepesi na mtupu ndani, ni wa chumbani. Usiuweke mlango wa nje hata kama umepakwa rangi ukapendeza.

Ongeza makomeo mawili ya ndani, moja juu na moja chini. Ulimi wa komeo uzame sentimita 2 au zaidi kwenye zege, si kwenye kitobo kilichochimbwa kwenye plasta.

Grili ndiyo kinga dhidi ya Fatuma, lile jiwe kubwa ambalo majambazi hulibeba wawili au watatu na kulirusha mlangoni kwa pamoja. Jiwe likikutana na grili kwanza, mbao haifikiwi. Ila grili nyingi zina kasoro tatu, na fundi wa kuchomelea anaweza kuzimaliza kwa siku moja:

- Miguu ya fremu ya grili imezama ukutani kidogo mno. Inatakiwa angalau mitatu kila upande, iingie sentimita 10, na kitobo kijazwe zege badala ya udongo na saruji kiduchu.
- Bawaba ni za kuchomeka, hivyo grili inanyanyuliwa na kutoka nzima hata kufuli likiwa limefungwa. Dawa yake ni tone la kuchomelea juu ya bawaba ya juu, grili isinyanyuke.
- Kufuli linaning'inia wazi, na mkasi wa kukatia nondo unalikata kwa sekunde chache. Mwambie fundi atengeneze boksi la bati nene lenye uwazi wa mkono upande wa ndani tu.

Sasa jicho la mlango, ambalo wengi hawana ingawa ni kifaa cha bei ndogo. Pima sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, au chini kidogo kama wenye nyumba ni wafupi. Mengi huhitaji tundu la milimita 14. Soma kwenye pakiti yake. Toboa kutoka nje mpaka ncha ya drili ichungulie upande wa pili, kisha malizia kwa kutoboa kutoka ndani. Ukitoboa upande mmoja moja kwa moja, mbao itachanika pale drili inapotokea. Upande wa ndani weka kifuniko, maana mwanga wa sebuleni ukikatika kwenye kioo, aliyeko nje anajua umesimama pale.

Ufunguo wa grili una mambo mawili yanayopingana. Ukiwa mbali sana, moto ukitokea mnakwama ndani. Ukiwa karibu na dirisha, unavutwa kwa fimbo ndefu yenye ndoano, ileile inayovutia simu na suruali kupitia nondo. Utundike msumarini kwenye korido, mahali pasipoonekana kutoka dirisha lolote, na usihamishwe. Siku moja zimeni taa zote na kila mtu mzima aufuate kwa kupapasa. Akishindwa kufungua ndani ya dakika moja, sogezeni msumari.

Hatua ya 2: Taa

Kosa la kawaida ni kuwasha taa ya sebuleni mara tu hodi inaposikika. Ukiwasha ndani, wewe unaonekana na yeye haonekani. Inayotakiwa kuwaka ni ya nje, na swichi yake iwe ndani, ikiwezekana chumbani kwako. Balbu ya LED ya wati 9 inatosha kibaraza. Ifungwe juu, mita 2.5 au zaidi, ndani ya kitundu cha waya ili isifunguliwe kwa mkono. Taa za sola zenye kihisi ni nzuri, lakini usizielekeze barabarani, zitawaka kwa kila paka na bodaboda mpaka mtaacha kuziangalia.

Kama swichi kuu au mita ya LUKU iko ukuta wa nje, jua kwamba umeme wako unaweza kuzimwa na mtu yeyote. Umeme ukikatika kwako peke yako huku kwa jirani taa zinawaka, usitoke kwenda kuangalia. Bomba la uani likianza kumwaga maji lenyewe usiku wa manane, vilevile. Lengo ni utoke.

Hatua ya 3: Namba na anwani

Andika kwenye karatasi, ibandike ndani ya mlango wa chumba cha kulala: polisi 112, zimamoto 114, mwenyekiti wa serikali ya mtaa, balozi wa nyumba kumi, polisi wa kata yako, na majirani wawili ambao mnakubaliana kupokeana simu saa yoyote. Namba ya 112 hailipiwi, hivyo kukosa salio si kizuizi.

Chini ya namba andika mahali ulipo kwa mpangilio huu: mkoa, wilaya, kata, mtaa, jina la barabara na namba ya nyumba kama kilivyo kibao cha anwani za makazi, kisha alama moja inayojulikana, kwa mfano msikiti au kituo cha daladala. Mtu aliyeamka na hofu husahau hata jina la mtaa wake. Ukipiga, taja mahali kwanza, tukio baadaye. Simu ikikatika katikati, angalau wanajua waje wapi.

Simu ilale na chaji. Kitochi cha akiba, ile simu ndogo ya vitufe inayokaa na chaji siku kadhaa, ni bora kuliko simu janja iliyobakiza asilimia nne.

Hatua ya 4: Kubalianeni wenyeji wa nyumba

Watoto na dada wa kazi ndio wanaofungua, kwa sababu wamefundishwa adabu ya kumkaribisha mgeni. Waambieni waziwazi kwamba baada ya saa tatu usiku hakuna anayefungua ila mtu mmoja aliyetajwa, na asipokuwepo, hakuna anayefungua kabisa. Mtoto asiitikie. Hasa asiseme "Baba hayupo."

Chagueni pia chumba cha kukimbilia, chenye mlango mzito na komeo, na ambako simu inashika mtandao. Hilo la mtandao lijaribuni, msidhani tu.

Wanaoona vibaya kumwacha mtu nje wakumbuke kwamba hodi yenyewe ina mipaka yake tangu zamani. Pwani hodi ni mara tatu, usipojibiwa unaondoka, na katika Qur'ani, Suratun-Nur aya ya 28 inasema wazi kwamba mkiambiwa rudini, basi rudini. Kutofungua si ukosefu wa utu.

Hatua ya 5: Hodi imepigwa

Usijibu hodi ya kwanza. Mlevi aliyekosea nyumba mara nyingi huondoka mwenyewe. Tumia sekunde hizo kumwamsha mwenzako, kushika simu na kuwasha taa ya nje.

Usisimame mbele ya mlango. Simama pembeni, mwili ukiwa nyuma ya ukuta wa tofali, mbali na dirisha. Mlango ukisukumwa ghafla hautakukuta. Chungulia kwenye jicho mara moja, kisha rudi pembeni. Angalia wako wangapi, mikono yao iko wapi, na kama kuna aliyejibanza ukutani. Mwanamke au mtoto aliyetangulizwa mbele hathibitishi kitu.

Sasa uliza, kwa sauti ya kawaida yenye nguvu:

"Nani?"
"Mimi."
"Mimi nani?"
"Jirani yako hapa."
"Jina lako, na unakaa nyumba ipi?"

Hapa ndipo watu wengi huharibu. Wanasaidia jibu: "Ni wewe Baba Asha?" Naye, hata kama hajawahi kumsikia Baba Asha, anasema "Ee, ndiye mimi." Umeshampa jina, na amejua jirani yako unayemwamini. Usitaje jina lolote, yeye ndiye ataje. Ukiwa peke yako sema kwa wingi, "tumekusikia", "tunampigia mwenyekiti". Na kama sauti ni ya mtu mzima, shikamoo inapita vizuri tu kwenye mlango uliofungwa.

Kisha sema sentensi moja na usiibadilishe: "Hatufungui usiku. Sema shida yako hapohapo, tunakusikia." Akibembeleza, irudie ileile. Usieleze sababu, kwa kuwa kila sababu unayotoa anapata cha kuijibu.

Hatua ya 6: Pima alichosema

*"Kuna mgonjwa, tusaidieni."* Inaweza kuwa kweli: mjamzito aliyeshikwa na uchungu, mama anayemkimbia mume, mtu aliyegongwa. Saidia bila kufungua. Mpigie jirani anayetajwa kwa namba uliyonayo mwenyewe. Mwite balozi na 112. Mwambie akae kibarazani penye taa, na maji yanaweza kupita kwenye nondo baada ya yeye kurudi nyuma hatua kadhaa. Ukifungua, iwe majirani wawili watatu wameshafika na unawaona.

*"Gari lako limegongwa," "geti lako liko wazi."* Mjibu: "Asante, tutaangalia asubuhi." Gari halina haraka kuliko watu waliomo ndani.

*"Sisi polisi, fungueni."* Usibishane wala usitukane. Uliza jina la afisa, kituo anachotoka na wanachofuata. Sema: "Afande, tunafungua mwenyekiti akifika," kisha mpigie mwenyekiti na 112 uthibitishe kama kuna askari waliotumwa mtaani kwako. Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, hati ya upekuzi kwa kawaida hutekelezwa kati ya kuchomoza na kuzama kwa jua, isipokuwa mahakama imeruhusu saa nyingine, na sheria inatambua pia upekuzi wa dharura. Kwa hiyo askari wa kweli wanaweza kuja usiku. Wakishathibitika, fungua na usizuie kazi yao. Balozi au mwenyekiti awe shahidi, na kitu chochote kinachochukuliwa kiandikiwe stakabadhi.

Hatua ya 7: Wakianza kuvunja

Mkisikia mlango unapigwa, wote chumba cha kukimbilia, komeo, 112, kisha majirani. Sasa ndipo pa kupiga kelele, filimbi na king'ora cha gari kama rimoti unayo. Kelele iwe na maelezo: "Tunavamiwa, nyumba ya Mama Neema!"

Lakini kwa hodi tupu usipige ukelele wa "mwizi!" Mtaani neno hilo huleta wananchi wenye hasira kali kabla halijaleta polisi, na mlevi aliyepotea njia anaweza kuuawa kwa mawe na matairi. Hakuna atakayemuuliza alikuwa anabisha kwa shida gani.

Wakiingia, usipiganie televisheni. Wape wanachotaka, usiwakazie macho.

Nyumba ya kupanga

Hapa mlango wa mbele ni wa wote, na mpangaji mmoja akifungua amewafungulia wengine sita. Kaeni kikao na mwenye nyumba, mkubaliane saa ya kufunga, na kwamba mgeni wa usiku humpigia simu mwenyeji wake, ambaye hutoka kumpokea mwenyewe. Anayebisha akitaja "namtafuta yule dada wa chumba cha nyuma" asifunguliwe na mwingine. Mlango wa chumba chako nao uwe na komeo la ndani. Kitasa cha korido peke yake kina funguo ambazo wapangaji waliohama hawakurudisha.

Asubuhi

Andika saa, maneno aliyosema, idadi ya watu na upande walioelekea, pamoja na namba ya bodaboda kama uliiona. Zunguka nyumba na kuangalia alama za msumeno kwenye nondo, skrubu zilizolegea, balbu iliyofunguliwa nusu. Balbu iliyolegezwa inaonyesha kuna mtu aliyepanga kurudi. Peleka taarifa kwa mwenyekiti na polisi wa kata siku hiyohiyo hata kama hakuna kilichoibwa, kwa kuwa huenda nyumba ya tatu kutoka kwako ilibishiwa kwa maneno yaleyale. Palipovunjwa pasiguswe mpaka polisi waone. Kama kuna ufunguo usioonekana, na kitasa chako ni cha silinda, nunua silinda mpya, yaani kile kipande kinachoingia ufunguo. Huna haja ya kubadili kitasa kizima, skrubu moja ndefu ya ubavuni mwa mlango ndiyo inayoishikilia.