Kabla jopo la madaktari halijakaa kuamua kuhusu valvu ya moyo wako

Uamuzi wa kubadilisha valvu, yaani mlango wa moyo unaopitisha damu upande mmoja, hautoki kwa daktari mmoja. Daktari bingwa wa moyo, wa upasuaji, wa usingizi na mtaalamu wa picha hukaa pamoja na kupitia faili, mara nyingi mgonjwa mwenyewe akiwa hayupo. Lisilokuwemo kwenye faili halitajadiliwa, na utapangiwa tarehe nyingine. Kwa hiyo, iwe rufaa yako ni ya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete au hospitali nyingine, anza na faili.

Beba picha zenyewe za eko (kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti) kwenye CD au flashi, maana ripoti ya karatasi peke yake haitoshi. Valvu ya mitrali, iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, kwa mtu mzima hufunguka sentimita za mraba 4 hadi 6, ikifika 1.5 au chini, imebana vibaya. Ya aota, inayotoa damu kwenye moyo kwenda mwilini, huhesabiwa imebana vibaya ikiwa chini ya 1. Usishangae eko ikirudiwa: moyo ukienda mbio, au mwili ukiwa umejaa maji, vipimo hupotosha.

Huenda ukapimwa eko ya kupitia koo. Usile kwa saa 6 kabla, vua meno ya bandia, na useme mapema kama chakula huwa kinakukwama. Ukishapimwa, usile wala kunywa mpaka ganzi ya koo iishe, na uwe na mtu wa kukusindikiza nyumbani. Kipimo hiki hutafuta damu iliyoganda kwenye chumba cha juu cha kushoto. Valvu ya mitrali iliyobana bila kuvuja sana pengine inaweza kupanuliwa kwa puto kupitia mshipa wa paja, bila kufungua kifua. Bonge la damu likionekana humo, puto halipitishwi.

Ukiulizwa hali yako, usijibu "nachoka". Sema unapanda ngazi ngapi kabla ya kusimama kuvuta pumzi, na unalalia mito mingapi. Dawa zote ziende na maboksi yake, pamoja na kadi ya sindano za penisilini za kila wiki 3 au 4. Warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, usiiache kwa uamuzi wako ili "damu iwe tayari kwa upasuaji". Siku ya kuisimamisha hupangwa na madaktari.

Meno yatibiwe mapema. Bakteria kutoka kwenye jino bovu wanaweza kuingia kwenye damu na kushika valvu mpya, na jino lililogunduliwa siku ya kulazwa linatosha kuahirisha upasuaji. Mwambie daktari wa meno una ugonjwa wa valvu na unatumia warfarini kabla hajang'oa chochote.

Suala linalostahili muda wenu mwingi zaidi ni aina ya valvu. Ya chuma hudumu miaka mingi, lakini utameza warfarini maisha yako yote na kupima INR, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha inachelewa kuganda kiasi gani, mara kwa mara. Kwa valvu ya mitrali lengo huwa 2.5 hadi 3.5. Ikishuka, valvu inaweza kuganda damu. Ikipanda sana, unaweza kuvuja damu hata ndani ya ubongo. Ya tishu ya mnyama kwa kawaida haihitaji warfarini ya kudumu, ila huchakaa, na kwa vijana huchakaa haraka, hivyo upasuaji wa pili hutarajiwa.

Basi, kabla ya kwenda, ulizia INR inapimwa wapi karibu na kwenu, kwa bei gani, na kama mashine haikai miezi bila vitendanishi, yaani kemikali za kupimia. Anayeishi mbali na maabara aseme wazi. Mwanamke anayetaka kuzaa naye aseme, hata asipoulizwa: warfarini inaweza kumdhuru mtoto, hasa wiki ya 6 hadi ya 12 ya mimba. Taarifa hizi mbili zinaweza kubadilisha uamuzi wote.

Omba uamuzi kwa maandishi: kurekebisha, puto, kubadilisha au kusubiri, na sababu yake. Wakati unasubiri, ukizimia, mdomo ukipinda au upande mmoja ukilegea, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Ukipata homa isiyoisha, usinunue antibayotiki dukani. Damu ioteshwe maabara kwanza, kwa sababu ukishameza dawa bakteria aliyeko kwenye valvu anaweza asionekane.