SOMO: Nguo ya usaili kwa dada mwenye mwili mkubwa, msimu wa joto Dar es Salaam

Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi ikivuma, mchana wa Dar es Salaam hufika nyuzi 32, na unyevu wa bahari juu yake. Usaili hauahirishwi kwa ajili ya joto. Dada mwenye mwili mkubwa anapata shida mara mbili: nguo ya ofisi ya saizi yake ni adimu dukani, na anayoipata mara nyingi ni poliesta nzito iliyoshonwa kwa ajili ya nchi za baridi. Somo hili ni la siku 10, kuanzia siku ulipoitwa. Shika neno moja kabla ya yote: nguo hupunguzwa, haiongezwi ila kidogo sana. Tafuta inayokukaa vizuri pale ulipo mpana zaidi, kwingine kote ni kazi ya fundi.

Hatua ya 1. Jipime upya (siku ya 1)

Usiende sokoni na saizi ya kukumbuka. Andika vipimo kwenye karatasi, na tepu ya fundi iwe mkobani. Jipime ukiwa umevaa sidiria utakayoivaa siku yenyewe, maana sidiria iliyolegea inashusha kifua, na dati za blauzi (mikunjo inayoshonwa kufuata umbo la kifua) zitakaa mahali pasipo pake.

Pima kifua, kiuno, tumbo pale lilipojitokeza zaidi, nyonga, paja kwa juu, na mkono kati ya bega na kiwiko. Mkono wengi wanausahau, kisha koti linafunga vizuri kifuani lakini mikono imebanwa kama bandeji. Nyonga na paja zipime mara mbili, umesimama na umekaa. Ukikaa, nyonga huongezeka, kwa wengi inchi 1 hadi 3, na usaili unafanyika ukiwa umekaa. Kipimo cha kukaa ndicho cha kuandika.

Anayetaka suruali apime pia kina: kaa kwenye kiti kigumu, pima ubavuni kutoka kiunoni hadi kwenye kiti, ongeza inchi 1. Kina kikiwa kifupi, suruali inateremka nyuma kila unapokaa, na mgongo unabaki wazi.

Juu ya vipimo vya mwili weka nafasi ya kupumua. Kwa kitambaa kisichovutika: blauzi inchi 4 kifuani, koti inchi 5, sketi inchi 3 kwenye nyonga, mkono wa koti inchi 2 hadi 3. Pungufu ya hapo jasho halina pa kupita. Ukizidisha sana, nguo inakuongezea unene usio wako. Koti pana kama hema halifichi mwili, linaficha umbo tu.

Hatua ya 2. Amua kitambaa kabla ya mtindo

Kwa joto hili chagua pamba, kitani kilichochanganywa na viskosi, krepu ya viskosi, au kadeti nyepesi yenye spandeksi asilimia 2 hadi 3. Kitani kitupu kinapitisha hewa kuliko vyote, ila ukikaa nusu saa kwenye daladala unashuka umejikunja kama karatasi ya kufungia maandazi. Mchanganyiko unatulia.

Muuzaji atakuambia kila kitu ni pamba. Chomoa uzi mmoja ndani ya mshono, uuchome. Ukinuka kama karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini, ni pamba au kitani au viskosi. Ukiyeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi, ni poliesta. Ukitoa vyote viwili, ni mchanganyiko.

Angalia bitana pia. Sketi ya pamba yenye bitana ya poliesta kuanzia kiunoni hadi chini ni sufuria iliyofunikwa. Koti libaki na bitana ya mabegani na mikononi tu, sketi ipewe bitana ya popolini inayoishia katikati ya paja.

Rangi nayo ina kazi. Kijivu na samawati iliyofifia huonyesha jasho haraka kuliko rangi zote. Bluu iliyokolea, nyeusi, nyeupe na maua madogomadogo huficha. Kabla ya kulipa, lowesha kidole, gusa kitambaa upande wa ndani wa pindo, kisha tazama alama yake kwa nje. Alama hiyo ndiyo itakayokuwa kwapani kwako saa nne asubuhi.

Hatua ya 3. Mtumba: Karume, Ilala (siku ya 2 na ya 3)

Kwa miili mikubwa mtumba unashinda duka, kwa sababu nguo zinatoka nchi zinakoshonwa saizi hizo. Nenda asubuhi marobota yanapofunguliwa. Uliza limetoka wapi: la Uingereza, Ujerumani, Marekani au Kanada lina saizi kubwa, la Uchina au Korea usilipotezee muda, XXL yao huishia kiunoni kwa mwingine. Lebo za kukufanya usimame ni Evans na Yours za Uingereza, Ulla Popken ya Ujerumani, Lane Bryant na Catherines za Marekani. Hao hukata nguo kwa ajili ya mwili mkubwa tangu mwanzo, si kuvuta tu ramani ya kukatia ya saizi ndogo.

Namba zisikuchanganye. Saizi 18 ya Uingereza ni 14 ya Marekani, 44 ya Ujerumani, 46 ya Ufaransa na 50 ya Italia. Herufi W kwenye lebo ya Marekani, kama 18W, ni nafasi zaidi kifuani, kiunoni na mikononi kuliko 18 tupu. Herufi P ni ya watu wafupi.

Hata hivyo tepu ndiyo ya kuaminiwa. Tandaza nguo, funga vifungo, pima kutoka kwapa hadi kwapa, zidisha kwa 2. Koti la inchi 25 likiwa limelala ni inchi 50 mwilini. Toa nafasi ya inchi 5, linamtosha mwenye kifua 45. Kisha geuza nguo ndani nje ukague mambo matatu: kwapa kama kitambaa kimepauka au kukakamaa, mapajani kama kimelika, na mishono ina akiba kiasi gani, yaani kitambaa kilichozidi ndani ya mshono. Akiba ni dhahabu. Fundi akiachia robo inchi kila upande wa mshono, mishono miwili ya ubavuni inakupa inchi 1 nzima.

Mabega ya koti yakipita yako kwa zaidi ya nusu inchi, liache. Kurekebisha bega ni kulifumua koti lote.

Hatua ya 4. Ukikosa, shonesha (siku ya 3 hadi ya 8)

Kariakoo vitambaa vipo vya upana wa inchi 45 na inchi 60. Uliza upana kwanza, bei baadaye. Kwa nyonga ya inchi 50, sketi ya kufika chini ya goti inatoka kwenye mita 1 ya kitambaa cha inchi 60. Ukichukua cha inchi 45 utahitaji mita 2, kwa kuwa mbele na nyuma havilali sambamba. Suruali ni mita 2.5 hata kwa inchi 60, sababu ni hiyohiyo: vipande vinne vya paja pana havienei kwenye upana mmoja. Koti la mikono mirefu ni mita 2 na robo. Fundi anayekwambia mita 3 zinatosha suti nzima anahesabu kwa mwili mwingine.

Loweka kitambaa cha pamba usiku mzima, anika, piga pasi, ndipo upeleke. Usipofanya hivyo, nguo itanywea baada ya kufuliwa mara ya kwanza, na inchi 3 zako za nafasi zinabaki 1.

Mweleze fundi haya waziwazi. Sketi iongezwe inchi 1 hadi 1.5 kwenye kiuno cha nyuma, maana makalio huipandisha na pindo huonekana limepinda. Mkanda uwe bapa mbele, lastiki nyuma. Mpasuo wa nyuma usipande juu sana. Na mpe tarehe ya siku 3 kabla ya ile unayoihitaji, ukienda kujaribu mara moja katikati kabla hajafunga pindo.

Hatua ya 5. Tatizo la kifungo

Hili ndilo linaloharibu blauzi nyingi za wenye vifua vikubwa: katikati ya vifungo viwili panafunguka tundu, na wasaili wanaona sidiria. Si kwamba blauzi ni ndogo. Mara nyingi ni kwamba hakuna kifungo kwenye mstari wa chuchu, palipo na mvuto mkubwa. Simama mbele ya kioo, weka pini hapo hasa. Hicho kiwe kifungo cha kwanza kushonwa, vingine vipangwe juu na chini yake kwa inchi 2.5 hadi 3. Kwa blauzi ya mtumba yenye matundu tayari, shonea vishikizo vidogo vya kubonyeza upande wa ndani, katikati ya kila vifungo viwili. Mikunjo ikibaki inavuta kuelekea kwapani, hapo ndipo blauzi ni ndogo kweli, na pini haitasaidia.

Hatua ya 6. Jaribio la kiti (siku ya 9)

Vaa kila kitu, viatu pia. Kaa dakika 20 kwenye kiti kigumu bila feni. Inama uokote kalamu. Nyoosha mkono kama unasalimiana na mtu ng'ambo ya meza. Simama, usirekebishe chochote, mwambie mtu akupige picha mbele, nyuma na ubavuni. Picha ya nyuma ndiyo inayosema kweli. Sketi iliyopanda juu ya goti ukikaa irefushwe au iachwe, hasa kwa usaili wa serikalini: waraka wa mavazi ya watumishi wa umma wa mwaka 2007 unakataza nguo fupi, zinazobana na zinazoonyesha mwili, na sketi ileile inayompendeza mwembamba inaweza kuhesabiwa fupi kwako kwa ajili ya nyonga tu.

Hatua ya 7. Asubuhi yenyewe

Koti libebe, usilivae njiani. Toka na viatu vya wazi, vya usaili viwe mfukoni. Kwa sketi nyembamba chukua bajaji, bodaboda itakulazimisha kuipandisha. Fika dakika 40 mapema, dakika 15 za mwanzo ukae kivulini tu, mwili upoe. Ukifuta jasho kabla mwili haujapoa utafuta tena na tena. Vaa koti mlangoni. Chumba chenye kiyoyozi kitakufanya ushukuru kuwa nalo.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo dada. Mapaja yangu yanasuguana hadi nachubuka nikivaa sketi. Nifanyeje?
Marahaba mdogo wangu. Vaa taiti fupi ya pamba inayoishia inchi 2 juu ya goti, isiyo na mshono katikati ya paja. Ikiishia pale mapaja yanapogusana, itajikunja na kuchubua zaidi. Pakaa mafuta ya mgando kwenye sehemu ya msuguano kabla ya kuivaa. Poda peke yake haifai kwa joto hili, inalowa na kuwa tope.

Nivae nguo ya ndani ya kubana tumbo?
Siku ya joto, hapana, kama hujazoea kuivaa saa nzima ukiwa umekaa. Inabana pumzi, na pumzi ndiyo sauti yako. Inakunja pia juu ya kiuno na kuacha mstari kwenye blauzi. Sketi yenye mkanda bapa mbele inafanya kazi hiyo bila maumivu.

Mimi navaa hijabu. Koti juu ya gauni refu si litanipika?
Acha koti. Gauni refu la krepu ya viskosi, mikono mirefu, na juu yake kizibao kirefu kisicho na bitana, cha rangi moja na gauni. Mstari mrefu wa mbele unatoa sura ya ofisi bila tabaka la tatu mikononi. Mtandio uwe wa pamba nyepesi, na kofia ya ndani iwe ya pamba pia. Mtandio wa shifoni huteleza na utautengeneza mbele ya wasaili.

Jasho la kwapa halizuiliki hata kwa pamba. Kuna namna?
Ipo. Kata vipande vinne vya umbo la yai kwenye fulana kuukuu ya pamba, urefu inchi 6. Shona viwiliviwili pamoja, uvishikize kwa mkono kwenye mshono wa kwapa, nusu upande wa mkono na nusu upande wa mwili. Tengeneza jozi mbili: moja ya njiani unaibadilisha ukifika, kwa pini ndogo. Na mwambie fundi asikate kwapa juu sana, iache inchi 1 chini ya kwapa lako.

Samahani wadada, mimi ni mwanaume, kiuno 48. Suti zote za dukani suruali hainitoshi.
Kaka, suti za pamoja hukatwa suruali ikiwa pungufu ya koti kwa inchi 6 hivi. Koti la 50 linakuja na suruali ya 44, na tumbo linakukosesha. Nunua koti na suruali kila kimoja peke yake, au shonesha Kaunda suti ya mikono mifupi, kitambaa chepesi, bila tai. Kwa Tanzania ni vazi la heshima ofisini. Ukiitwa Nairobi, uliza kwanza: Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, alizipiga marufuku bungeni, kwa hiyo si kila ofisi itaipokea. Suruali uivae kiunoni juu ya tumbo, ikining'inizwa kwa mikanda ya mabegani. Ukiivaa chini ya tumbo, shati litachomoka kila unapokaa.

Nimepata koti zuri sana ila halifungi, limebaki inchi 2. Fundi ataachia?
Kagua akiba kwanza. Mishono miwili ya ubavuni ikitoa inchi 1, na wa mgongoni nusu inchi, bado nusu. Livae wazi juu ya gauni la rangi moja, linapendeza. Sharti moja: mabega na mikono viwe sawa, na ukikunja mikono mbele mgongo usikwame. Likikwama mgongoni, lirudishe kwa muuzaji leo.